Shajara ya betri ya Mkwaja: seli nne zisizojaa pamoja

Betri ni ya shangazi yangu, mwenye kibanda cha vinywaji baridi na kuchaji simu huko Mkwaja, wilaya ya Pangani, mahali ambapo nguzo za umeme hazijamfikia. Ana paneli mbili za wati 200, kontrola ya MPPT ya ampea 30 (kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri), friza dogo la volti 12 na invata ndogo ya kuchajia simu. Nitaongeza hapa kila hatua ikikamilika, pamoja na vipimo na gharama, kwa sababu betri za aina hii sasa zimejaa madukani na tatizo lake linafanana karibu kila ninakokwenda.

15 Februari 2025: Dalili

Betri ni ya lithiamu, aina ya fosfeti ya chuma (LiFePO4), volti 12.8, na kasha limeandikwa Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Ilinunuliwa Kariakoo katikati ya mwaka jana kwa shilingi 720,000. Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha friza likaanza kuzimika usiku: kwanza alfajiri, baadaye saa nane, hata mawingu yasipokuwepo. Barafu inayeyuka, na wavuvi wanaoifuata asubuhi wanaondoka mikono mitupu.

Mchana kuna dalili ya pili, na hiyo ndiyo iliyonielekeza. Kabla ya saa sita kontrola inaruka ghafla kutoka volti 13.7 hadi zaidi ya 15, invata inapiga kelele ya volti kuzidi, kisha namba inashuka, inatulia, inaruka tena. Betri iliyojaa kwa utaratibu hupanda polepole. Mruko wa namna hii maana yake bodi ya ulinzi iliyo ndani, BMS, imefunga mlango wa chaji kwa sababu seli mojawapo imefika kikomo, na kontrola imebaki inasukuma umeme usio na pa kwenda.

Kwa anayeanza: ndani mna seli nne zilizofuatana. Kila moja hujaa kwenye volti 3.65 na huhesabika tupu kwenye 2.5. Zote hupitiwa na chaji ileile, kwa hiyo ya kwanza kujaa husimamisha chaji ya zote, na ya kwanza kuisha huzima zote. Kama hazikuanza sawa, mwenye betri anatumia sehemu tu ya kile alichonunua.

Betri nimeichukua kwenda nayo Tanga. Shangazi nimemwachia betri ya asidi ya zamani, inatosha taa na simu, friza limepumzika.

22 Februari: Kufungua na kupima

Kasha hili lina skrubu, halikugundishwa. Kabla ya kufungua nilivua saa na kuviringisha mpini wa spana kwa utepe wa umeme. Seli ya Ah 100 ikiguswa na chuma kwenye ncha zake mbili hutoa mamia ya ampea bila kusita. Hatua hii msiiruke.

Ndani: seli nne za mstatili zimebanwa pamoja bila chochote katikati isipokuwa nailoni nyembamba ya bluu. Alama ya mraba ya kuskani, ambayo kwa kawaida huwa na tarehe ya kutengenezwa, imekwaruzwa kwenye zote nne. Bodi ya BMS ni ndogo. Pembeni yake kuna risista nne za kusawazishia, za kumwaga polepole chaji ya seli iliyotangulia kujaa, zimeandikwa 101, yaani oumu 100. Wekeni namba hiyo kichwani, ndiyo itakayoeleza karibu kila kitu huko mbele.

Vipimo betri ikiwa imetulia, chaji ya kati: 3.312, 3.311, 3.314, 3.309. Milivolti tano tu kati ya ya juu na ya chini. Mafundi wengi wangeishia hapo na kusema seli ni nzima. Lakini lithiamu ya aina hii volti yake karibu haisogei kuanzia chaji kidogo hadi karibu kujaa. Seli yenye asilimia 45 na yenye asilimia 60 zinaweza kusoma karibu sawa. Ukweli unaonekana kwenye ncha mbili tu, juu kabisa na chini kabisa.

Kwa hiyo niliichaji kwa ampea 20 hadi BMS ilipokata, mita mkononi. Wakati wa kukata: 3.37, 3.38, 3.68, 3.39. Namba 3 imefika mwisho, wenzake bado wako kwenye uwanda, ile sehemu ya kati ambako volti haisogei.

Hapa pana jambo ambalo nimeliona likigharimu watu fedha. Macho yote huenda kwa namba 3, kwa sababu ndiyo inayoruka, na fundi humwambia mteja aibadilishe. Namba 3 ndiyo iliyojaa. Tatizo liko kwa zilizobaki nyuma, na kwa kutazama volti hii huwezi kujua ipi iko nyuma zaidi. Tazama namba 4: inasoma juu kuliko 1 na 2, na bado baadaye itaonekana kuwa ndiyo yenye njaa kuliko zote.

Kabla ya kwenda mbele nilipima pia viunganishi, mita ikigusa ncha ya seli upande mmoja na kipande cha shaba upande wa pili, chaji ikiwa inapita. Kati ya seli 2 na 3 nilikuta milivolti 41 zinapotea kwa ampea 20, yaani milioumu 2 za bure kwenye nati moja iliyolegea. Volti hiyo huingia katika usomaji wa BMS kana kwamba ni ya seli. Nilisugua nyuso zote kwa msasa laini, nikafuta kwa spiriti, nikakaza kwa kiasi (nyuzi za ncha hizi ni aluminiamu, ukikaza kwa hasira zinang'oka). Sasa zinapotea milivolti 4. Namba 3 bado inatangulia, ila sasa najua ninachosoma ni seli.

1 Machi: Kuiacha BMS ifanye kazi yake

Ushauri unaotolewa sana ni kuiacha betri kwenye chaja ya volti 14.6, itajisawazisha yenyewe. Haikujisawazisha, na sababu ni wazi ukifuata mfuatano wake. Namba 3 inagonga kikomo, BMS inakata, baada ya dakika chache namba 3 inashuka chini ya kiwango ambacho risista huanza kufanya kazi, na kazi inasimama. Kinachopatikana kwa siku ni dakika chache za kusawazisha.

Nikabadilisha njia: chaja niliishusha hadi 13.7. Kwa volti hiyo namba 3 inakaa kwenye 3.6 hivi bila kukatwa, wenzake wako 3.36, na risista yake inaendelea kumwaga chaji saa zote. Hii inafanya kazi kweli. Lakini risista ya oumu 100 kwa volti 3.6 inapitisha miliampea 36. Kwa siku nzima, saa 24, ni Ah 0.86. Nilipoona siku zinapita na volti za wenzake zinasogea kwa milivolti moja moja, niliacha. Kwa asiye na kifaa kingine na mwenye subira ya wiki kadhaa, njia hii haina gharama wala hatari, mradi chaja iwe inayoshika volti moja bila kucheza.

9 Machi: Balansa ya kapasita

Kifaa kinachouzwa sana kwa tatizo hili ni balansa ya kapasita: bodi ndogo inayochota chaji kutoka seli yenye volti kubwa na kuimwaga kwenye yenye volti ndogo. Niliyonunua imeandikwa ampea 5, shilingi 38,000. Niliiunga moja kwa moja na kuipa betri mzigo na chaji kwa zamu, kama inavyotumika kibandani.

Pengo halikupungua. Lilikuwa lilelile, kama si baya kidogo zaidi.

Nilikaa na mita kutafuta kwa nini. Kwanza, ampea 5 ni kwa tofauti kubwa ya volti. Tofauti ikiwa robo volti nilipima kama ampea 1.2. Ikiwa milivolti 20, ni kama 0.1. Kwenye uwanda, ambako betri inakaa muda mwingi, hakuna kinachohamia cha maana.

Pili, na hili ndilo baya, balansa inaamini volti, na volti kwenye uwanda inadanganya. Namba 4 ina ukinzani wa ndani mkubwa: milioumu 0.9, wenzake ni kama 0.4. Chaji ikipita kwa ampea 20, ukinzani huo unaipandisha milivolti 10 juu ya wenzake bila yenyewe kuwa imejaa. Balansa inaiona iko juu, inaichota. Kumbe mchana kutwa inaiibia iliyo maskini.

Kifaa chenyewe si kibaya. Kikiwekewa swichi kiwashwe tu wakati betri imepita volti 13.8, kule juu ambako volti inasema kweli, kinasaidia. Kukiacha kimewashwa saa 24 ndiko kunakoharibu, na wauzaji hawalisemi hilo.

22 Machi: Kujaza seli moja moja

Nilinunua chaja ya mezani inayorekebishika, volti 30 na ampea 10, kwa shilingi 210,000, na mita ya kuhesabu Ah kwa 42,000. Nilizitenganisha seli zote, betri ikiwa imetoka kukatwa na BMS, nikajaza kila moja peke yake hadi 3.60.

Zilichokunywa:
namba 1, Ah 6.1
namba 2, Ah 5.4
namba 3, Ah 0.6
namba 4, Ah 11.8

Sasa hesabu inakaa wazi. Kuiondolea namba 3 ziada ya Ah 11.2 kwa miliampea 36 kungetaka zaidi ya saa 310 za kukaa juu mfululizo. Kibandani, kwa dakika zile chache za kila mchana, ni zaidi ya mwaka. BMS haikuwa mbovu, bali ilipewa seli zilizofungwa kiwandani zikiwa na chaji tofauti, na kazi hiyo ni kubwa kuliko risista zake.

Mambo ya kuangalia kwenye hatua hii:

Volti ipangwe kabla waya hazijagusa seli, na isiguswe tena. Waya zilizokuja na chaja ni nyembamba. Kwa ampea 10 zilikuwa zinakula karibu nusu volti njiani, hivyo chaja inasoma 3.60 wakati seli bado haijafika huko, mkondo unashuka, kazi inaonekana haiishi. Kishawishi ni kupandisha volti ya chaja ili iende haraka. Usiku ukipitiwa na usingizi, mkondo unaposhuka volti hiyo yote inaifikia seli. Dawa ni waya nene na fupi zenye viatu vya bolti. Nilizibadilisha na kazi ikaenda.

Umeme ulikatika katikati ya namba 4. Chaja ikiwa imezimika, mita ilionyesha mkondo mdogo unarudi kutoka kwenye seli kwenda kwenye chaja. Chaja nyingi za bei hii ziko hivyo. Ukiwa huna uhakika, usiondoke, au weka swichi ya kukata.

Zote zilipofika 3.60 niliziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, nikaziacha kwenye 3.60 hadi mkondo ukashuka karibu na sifuri. Msiunganishe sambamba seli zilizotofautiana sana volti. Kwa ukinzani mdogo kama huu, hata sehemu ya kumi ya volti inatosha kupitisha makumi ya ampea kwa mara moja.

Kisha nikazitenganisha na kuziweka rafuni bila kuunga kitu chochote.

6 Aprili: Seli inayovuja, na ukubwa wa kweli

Wiki mbili za rafuni zilikuwa za makusudi. Nilitaka kujua kama pengo lilianzia kiwandani tu au kuna seli inayopoteza chaji yenyewe. Nilizijaza tena hadi 3.60: namba 1, 2 na 3 kila moja ilikunywa kama Ah 0.1. Namba 4 ilikunywa 1.2. Ziada ya Ah 1.1 kwa siku 14 ni miliampea-saa 79 kwa siku, sawa na tundu la miliampea 3.3 lisilozibika.

Baada ya hapo kipimo cha ukubwa. Niliziunga tena kwa mfuatano, mzigo ukiwa balbu mbili za taa za gari za wati 55, mita ya Ah katikati. Namba 4 iliisha ya kwanza, kwenye Ah 84. Wenzake niliwaendeleza mmoja mmoja hadi chini: 93, 95, 94.

Kwa hiyo kulikuwa na matatizo mawili ndani ya kasha moja, na ni muhimu yasichanganywe. Namba 4 ina Ah 84, na kila mchana chaji ilisimama ikiwa bado inadai karibu 12. Shangazi alinunua betri iliyoandikwa 100, akawa anatumia 72. Kusawazisha kunarudisha zile 12. Zile 16 nyingine, kutoka 84 hadi 100, hakuna balansa duniani itakayozirudisha, kwa sababu hazikuwahi kuwemo au zimeshachakaa.

Niliwaza kuibadilisha namba 4. Nimeamua kuiacha kwa sasa. Seli mpya yenye ukubwa na ukinzani tofauti katikati ya tatu zilizotumika inaleta maswali yake, na Ah 84 zinatosha kuvusha friza usiku.

13 Aprili: Kufunga upya

Katikati ya seli niliweka vipande vya plastiki ngumu, maana magamba ya seli hizi ni aluminiamu na nailoni ile peke yake siiamini kwenye joto na mtikisiko wa barabara ya Pangani. Plastiki, msasa, spiriti, waya na viatu vyake: 27,000 jumla.

BMS nimeweka ya chapa ya JK, toleo la seli 4 hadi 8, inayohamisha chaji kwa ampea 1 na kuonyesha kila seli kwenye simu: 165,000. Ukiagiza angalia idadi ya seli, kwa kuwa matoleo yanayoanzia seli 8 hayafai kwa betri ya volti 12. Waya za kusomea volti za seli niliziunga kuanzia hasi ya seli ya kwanza kwenda juu, na kabla ya kuchomeka plagi nilipima kila pini kwa mita: iongezeke volti tatu na pointi, pini baada ya pini, bila kuruka. Waya mbili zikipishana hapo bodi inaungua mara moja.

Mipangilio. Kusawazisha kuanze seli ikipita 3.45, tofauti ikizidi milivolti 8. Chini ya 3.45 balansa ilale, kwa sababu iliyoelezwa Machi 9. Kukata juu 3.65, kukata chini 2.9 ili namba 4 isifikishwe kwenye mfupa.

Kontrola nayo ilikuwa kwenye mpangilio wa betri za asidi, wenye chaji ya kusawazisha ya 14.8 (ni ya betri za asidi, si kusawazisha seli kwa BMS) na marekebisho ya joto. Nimezima vyote viwili. Chaji ya kujaza 14.0, ishikiliwe saa mbili, kisha ishuke hadi 13.5. Volti 14.0 ni 3.50 kwa kila seli, juu kidogo ya mahali balansa inapoamka, na mbali na kikomo.

Saa hizo mbili ni muhimu kuliko kifaa chochote nilichonunua. Tundu la namba 4 ni miliampea-saa 79 kwa siku. Hata zile risista za zamani za miliampea 36 zingelimudu kwa saa mbili na robo hivi za kukaa juu. Seli zikishajazwa sawa mara moja, na kontrola ikashikilia juu vya kutosha, BMS ya kwanza ingeweza kuendelea na kazi wakati wa kiangazi.

18 Mei: Masika

Betri iko Mkwaja tangu baada ya Pasaka. Wiki ya kwanza tofauti kati ya seli kule juu, betri ikikaribia kujaa, ilikuwa milivolti 4. Kisha mvua. Mawingu ya siku nyingi mfululizo, paneli zinatosha kulilisha friza tu, betri haijafika 14.0 hata mara moja. Isipofika juu, balansa haiamki, na tundu la namba 4 haliendi likizo. Siku jua lilipotoka, tofauti ilionekana milivolti 120 dakika za mwisho za kujaza.

Shangazi ndiye aliyeiona kwanza kwenye simu, akanipigia: "Mwanangu, ile namba uliyoniambia iwe ndogo imekuwa kubwa." Nilimwomba azime friza Ijumaa asubuhi, siku ambayo wateja ni wachache hadi watu watoke msikitini, betri ijae na ikae juu. Alipoliwasha tena mchana tofauti ilikuwa 7. Upungufu wa wiki nzima ni kama Ah 0.55, na kwa ampea 1 unafidiwa ndani ya saa moja hivi.

Huo sasa ndio utaratibu wa masika: kujaa kikamilifu mara moja kwa wiki, kwa kuzima friza asubuhi moja.

29 Juni: Hali na hesabu

Mvua zimekwisha. Tofauti kule juu inacheza kati ya milivolti 3 na 8, friza linafika asubuhi, na kontrola hairuki tena. Usiku mrefu wa mzigo mkubwa namba 4 hushuka hadi 3.1 wenzake wakiwa 3.2, kama ukubwa wake unavyodai.

Gharama zote ni 482,000. Chaja ya mezani na mita ya Ah, 252,000, ni vifaa vinavyobaki kwangu kwa kazi nyingine. Zilizoingia kwenye betri hii ni 192,000, na balansa ya 38,000 iko kabatini. Kwa hiyo shangazi ana Ah 84 kwa 912,000. Mwenye bajeti ndogo na jua la kutosha anaweza kufanya ile ya Machi 22 kwa chaja ya kuazima, akabaki na BMS yake, akapanga kontrola kama Aprili 13: gharama ni hizo 27,000 za vifaa vidogo, na zile Ah 12 anazipata vilevile.

Desemba, vuli ikiwa ukingoni, nitarudia kipimo cha rafuni kwa namba 4 peke yake. Ikizidi miliampea-saa 150 kwa siku, au ikishuka chini ya Ah 75, nitaibadilisha, na nitaandika hapa bei ya seli na namna ilivyokaa na wenzake.